Birika Mnalolitafuta Liko Osukuru

Nasikia mmelitafuta birika la ofisi juu ya kabati, nyuma ya mlango, hata ndani ya gari la idara, na kwamba mfagiaji ameulizwa maswali asiyostahili. Mwacheni. Birika nimelichukua mimi siku niliyostaafu, mchana kweupe, mbele yenu, ndani ya mfuko uleule mliotilia zawadi yangu ya saa ya ukutani. Halikuwa mali ya ofisi. Lilikuwa kielelezo cha kesi, kesi ilikuwa yangu, na nilikuwa nimekosea tangu mwanzo. Kwa kuwa mmenywa chai yake miaka yote hiyo, ni haki yenu kujua lilikotoka. Nitaanzia mbali kidogo. Mzee asiyeanzia mbali watu hudhani ana haraka ya kwenda kukopa.

Niliajiriwa Tororo, mkaguzi wa leseni za vileo, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na shati moja jeupe. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Owor, Mpadhola mrefu mwenye masikio makubwa, ambaye alikagua baa tangu mimi sijajua kusoma neno lenyewe. Alinitazama kuanzia viatuni.

"Wewe ni Msamia?"

"Ndiyo, mzee."

"Watu ya samaki. Haya. Samaki inakaa ndani ya maji maisha yake yote na hailewi. Pengine utafaa."

Vifaa vyetu vilikuwa pikipiki moja, tochi, na kile kijiti cha kioo cha kupimia ukali wa pombe. Kijiti mnakijua, bado kipo kwenye droo. Ukikitumbukiza kwenye waragi, pombe kali ya kukeneka, kinazama na kukuambia jambo. Nilipokitumbukiza mara ya kwanza kwenye pombe ya wimbi kilisimama wima kama mlingoti wa bendera, na wanywaji wakasimama kwa heshima. Owor aliniambia nikitoe kabla hawajaanza kuimba.

Nilidhani kazi ya mkaguzi ni kukataza. Nilikuwa nikiingia baa huku kidole changu kikiwa kimeshanyooka. Owor hakunikemea. Alinipeleka Busia, kwenye baa moja kando ya foleni ya malori, ambako palikuwa na bango: bei nusu kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa kumi na mbili. Tulifika asubuhi, watu wananunua chai na chapati mtaani, na ndani madereva wameshalewa kwa bei nusu.

"Bei nusu inaanza saa ngapi?" Owor alimuuliza mwenye baa.

"Kumi na moja, afande."

"Na sasa ni saa ngapi?"

Yule bwana akaelekeza kidole ukutani bila aibu. "Kumi na moja na dakika tano."

"Hii saa ilisimama lini?"

"Afande, mteja hakuna amelalamika."

Mimi nilikuwa nimeshatoa kufuli. Owor alitoka, akavuka barabara, akarudi na betri. Akapanda juu ya kreti, akaitia, akasogeza mishale hadi saa ya kweli, na saa ikaanza kutembea. Madereva waliguna kama watu waliotangaziwa msiba. Bei nusu iliishia hapo, wala hatukufunga mlango wa mtu. Tukiwa njiani kurudi aliniambia, huku upepo ukimnyang'anya maneno: "Wandera, kabla hujafunga mlango ya mtu, angalia kwanza kama ni betri."

Nililiweka neno hilo kichwani na nikalisahau humohumo.

Kesi nyingine ya miaka ile ilikuwa ya jogoo. Baa fulani ilimfunga jogoo mwekundu kaunta, zawadi ya mtu atakayemaliza kreti kabla ya wenzake. Owor aliuliza jogoo ameshindaniwa mara ngapi. Kila Jumamosi, wakasema. Na jogoo ni yuleyule? Yuleyule, maana mshindi siku zote ni shemeji wa mwenye baa, naye hulala hapohapo. Owor alipiga marufuku shindano, kisha akaamuru jogoo achinjwe na kupikwa mbele yetu ili kosa lisirudiwe. Hicho ndicho kielelezo cha kwanza nilichokula katika utumishi wangu. Cha pili nilikinywea chai.

Owor alistaafu akarudi kwao Osukuru, chini ya vilima vya fosfeti, na mimi nikabaki na pikipiki. Ndipo zilipokuja kanuni za matangazo ya pombe. Tulipewa semina ya siku mbili katika hoteli moja mjini Tororo, ule mwamba mkubwa wa mji ukituchungulia dirishani kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani. Nilizipenda zile kanuni kuliko nilivyowahi kupenda kitu cha kusoma. Na sitaki mdhani nazicheka. Ni kanuni nzuri. Zinakataza mashindano ya kunywa haraka. Zinakataza bei nusu isiyo na mwisho, na kumshawishi aliyekwisha kulewa aongeze. Zinataka pawe na chakula, na maji ya kunywa ya bure kwa kila mteja. Zinakataza mteja kujaziwa bure bila kikomo, kwa sababu glasi isiyoisha humfanya mtu asijue amefika wapi. Nimewazika watu waliokufa kwa "kunywa mbili, ya tatu bure", na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa zile mbili. Zisimamieni.

Ila ukurasa wa mwisho, chini kabisa, palikuwa na mstari unaosema mkaguzi atumie busara. Mimi sikufika ukurasa wa mwisho. Nilikuwa na haraka ya kuanza.

Kwa wenzetu mliotoka mbali, lazima nieleze malwa. Ni pombe ya wimbi. Haimiminwi kwenye glasi. Huwekwa ndani ya nyungu ikiwa nzito kama uji uliogoma, humiminiwa maji ya moto, na watu hukaa kuizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Ikipungua, yanaongezwa maji ya moto. Ikipungua tena, yanaongezwa tena. Hivyo mpaka jioni, na kila birika linaloongezwa linaifanya pombe iwe hafifu zaidi, hadi mwisho watu wanavuta maji yenye kumbukumbu ya wimbi, na wanakwenda nyumbani wakijua njia. Klabu za malwa zina katiba kali kuliko ya nchi nyingi. Hupulizi mrija. Hupigi chafya juu ya nyungu. Hushiki mrija kwa mkono wa kushoto. Kuna mwenyekiti, kuna katibu, na kuna mwenye birika, anayeitwa Waziri wa Maji.

Mama Athieno alikuwa na klabu ya namna hiyo Osukuru. Mumewe alikuwa amefariki, na alichomwachia ni banda la mabati, nyungu, na kipande cha shamba chenye mawe mengi kuliko udongo. Pombe yake ilisifiwa hadi Sop Sop. Siku moja nikiwa nakagua upande ule, nikaona ukutani mwa banda lake maandishi makubwa ya rangi nyekundu, mapya kabisa:

MAJI YA MOTO BURE. HAKUNA UBAGUZI. WIZARA YA MAJI.

Nilizima pikipiki. Moyo wangu ulidunda kwa furaha, nakiri. Hapo palikuwa na tangazo, ndani ya tangazo palikuwa na neno bure, na nyuma ya tangazo palikuwa na watu wananywa. Nikaingia kidole kimenyooka, na nani amekaa kando ya nyungu na birika jeusi la alumini mkononi? Mzee Owor.

"Msamia!" akaita. "Karibu, mtu ya samaki! Mama Athieno, mtafutie mrija. Sio ile ya wageni, ile imepasuka."

"Nimekuja kikazi, mzee."

"Kaa. Kazi itakukuta hapa."

Nikauliza nani ameandika maneno yale ukutani. Mama Athieno, aliyekuwa anachochea kuni, alijibu kwa fahari. "Ni Waziri. Ameshinda kura Jumapili. Alipingwa na huyu Oketcho hapa, lakini Oketcho alisema ataleta maji ya vuguvugu."

"Nilisema ya wastani," alinung'unika Oketcho, jirani yake, bila kuachia mrija.

Nikafungua kitabu cha kanuni, nikamweleza Owor kwamba lile ni tangazo la kuwajazia wateja bure bila kikomo.

"Ni maji, Wandera."

"Yanamiminwa kwenye pombe."

"Sasa ulitaka nimiminie nani?"

Wanywaji walicheka na mirija mdomoni, nyungu ikatoa mapovu, na mwenyekiti akawaonya kuhusu kupuliza. Owor alinivuta mkono nikae karibu naye, kama zamani. "Sikiliza, nikufundishe hii kazi. Mtu akitaja shemeji yake mara ya pili, mimi naongeza maji. Akianza kuhesabu ng'ombe ya baba yake iliyokufa, naongeza. Na akianza kuomba watu msamaha, hapo naongeza birika nzima. Hiyo si yeye anaongea, hiyo ni pombe. Pombe ikiongea, unaipa maji inyamaze."

"Hilo halimo kwenye kanuni, mzee."

"Basi kanuni yako haijawahi kukaa na watu."

Ningeweza kucheka na kuomba mrija. Badala yake nilimgeukia Mama Athieno, nikamuuliza kama ana maji ya kunywa ya bure kwa wateja, kama kanuni zinavyotaka. Owor akainua birika.

"Siyo hayo," nikasema. "Ya kunywa. Baridi, ndani ya glasi, pembeni."

Mama Athieno akaacha kuni. Alikuwa mwanamke wa kusema polepole. "Afande, nielewe vizuri. Maji ya moto ni makosa."

"Yakiwa ya bure, ndiyo."

"Na maji baridi ni lazima."

"Ndiyo, na lazima yawe ya bure."

"Na ile ya moto ikipoa?"

Nilisema nitauliza makao makuu. Kisha nikatamka mbele ya wote kwamba tangu saa ile ni marufuku kuongeza maji kwenye nyungu bila malipo, na kwamba kama maandishi hayatafutwa, leseni ya Mama Athieno itasimamishwa.

Mirija ikatoka midomoni. Owor alisimama, akaliweka birika miguuni pangu.

"Chukua ushahidi, afande."

Kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja alikuwa ameniita Wandera, Msamia, samaki, na mara moja, nilipoitumbukiza pikipiki kwenye kinamasi, aliniita jina ambalo siliandiki. Afande hakuwahi. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchukua kielelezo: mkono wa kulia, mbele ya mashahidi, usitabasamu. Nilikichukua hivyohivyo. Kilikuwa bado kinatoka mvuke. Nikakifunga kwenye pikipiki mbele yangu, kikaniunguza paja njia nzima mpaka mjini, na kovu ninalo.

Mama Athieno alitii kuliko mtu yeyote niliyewahi kumkagua. Alifuta maandishi. Akaweka meza ndogo na glasi za maji baridi zilizofunikwa kwa kitambaa. Hakuna aliyezigusa isipokuwa kuku. Wanywaji walipiga kura kuhusu kulipia maji ya moto, wakakataa wote, kwa hoja kwamba mtu akianza kununua maji, kesho atanunua kiti. Basi nyungu ikawa inakaa kama ilivyo baada ya maji ya kwanza, nzito na kali, na kwa sababu haiongezwi, kila mmoja alivuta kwa haraka kabla mwenzake hajaimaliza. Nilikuwa nimekataza mashindano ya kunywa haraka katika wilaya nzima, na nikalianzisha moja Osukuru kwa mkono wangu. Pombe ambayo zamani ilianza baada ya misa na kuisha ng'ombe wanaporudi, sasa iliisha kabla padri hajamaliza chakula chake cha mchana. Kisha wakaomba nyungu ya pili.

Habari zilinifikia ofisini. Mmoja alikwenda kulima uwanja wa kanisa, mistari mizuri iliyonyooka, akisema anamsaidia Mungu. Mwingine alipatikana ameikumbatia nguzo ya umeme akiiaga. Kisha akina mama wakaja. Walijaa ofisini kwangu, na aliyesimama mbele alikuwa Nyaketcho, mke wa yule Oketcho wa maji ya wastani.

"Ni wewe umekataza maji?"

"Nimetekeleza kanuni, mama."

"Rudisha."

"Mama, lengo la kanuni ni kuwalinda..."

"Sikia, mwanangu. Bwana yangu tangu nimeolewa alikuwa anarudi amejaa maji. Anakojoa, analala. Sasa anarudi amejaa pombe. Jana ameniomba msamaha mpaka jogoo imewika. Nikamuuliza, umefanya nini? Hajui! Mimi sijui! Tumekaa hapo watu wawili, tunalia, tunasamehe kitu haiko!"

Wenzake wakaguna kukubali. Nikawaahidi kwamba nimeshaandika makao makuu. Wakaondoka. Wiki iliyofuata Oketcho alianguka mtaroni akitoka kwa Mama Athieno, akavunjika mguu. Na siku iliyofuata hiyo, Mama Athieno aliiinamisha nyungu yake kifudifudi na kufunga banda. Nilikwenda kuona. Alinikuta mlangoni mwake.

"Leseni yako haijasimamishwa, mama," nikamwambia, kana kwamba namletea zawadi.

"Najua. Mimi nimesimamisha mwenyewe. Mimi nilikuwa nauza malwa. Hii tunanywa sasa si malwa. Hii ni pombe ya afande."

Alianza kwenda kulima vibarua huko Mella, mwanamke wa umri ule, kwenye mashamba ya watu aliokuwa akiwakaribisha mirija. Owor alibaki nyumbani kwake. Watu walisema anakaa mlangoni, mikono magotini, kama mtu anayengoja kitu kichemke.

Sasa nieleze hayo makao makuu. Nilikuwa nimeuliza swali moja tu: je, maji ya moto yanayoongezwa kwenye malwa ni kujaziwa bure? Jibu lilichelewa sana, na lilipokuja lilitaka sampuli. Nikauliza, sampuli ya malwa? Hapana, sampuli ya maji. Basi nikachemsha maji kwenye kielelezo chenyewe ili pasiwe na shaka, nikayatia kwenye chupa, nikayafunga vizuri, nikayapeleka kwa basi. Tukangoja msimu mzima. Jibu likaja kwamba sampuli iliyopokelewa ni ya maji baridi, ambayo kwa mujibu wa kanuni hayana tatizo na wateja wapewe bure.

Mama Athieno alikuwa ameliona hilo siku ya kwanza, akiwa anachochea kuni.

Mtacheka, na mimi nimecheka. Lakini ukweli sikuhitaji jibu la mtu yeyote. Kipindi kile nilikuwa nimeshausoma ukurasa wa mwisho. Mkaguzi atumie busara. Ningeweza kuwasha pikipiki mchana uleule, nifike Osukuru, niseme "Mama, ongeza maji." Ni safari fupi. Kilichonizuia ni kwamba ningelazimika kuyasema hayo mbele ya wale watu wote, kila mmoja ameshika mrija wake, na Owor akiwa katikati. Nilisubiri makao makuu waniambie nimekosea ili nisijiambie mwenyewe. Wao wakaniambia kuhusu maji baridi.

Kisha nikahamishiwa Busia, na kwa kuwa kesi haikuwa imefungwa, kielelezo kilinifuata. Miezi ya mwanzo kilikaa juu ya kabati kimefungwa kitambulisho chake. Siku moja birika la ofisi likatoboka. Mvua ilikuwa inanyesha, malori yamekwama tangu daraja hadi stendi, kila mtu anataka chai. Mtu akauliza, na hili? Nikasema hili ni kielelezo. Akasema kinashika maji? Nikasema kinashika. Ndivyo ilivyokuwa. Kile kikaratasi kilichokuwa kinaning'inia kwenye mpini, ambacho wengi wenu mlidhani ni bei ya dukani, ndicho kitambulisho cha kesi. Mkubwa mmoja alipokuja kutukagua, akiuliza kwa ukali kuhusu utunzaji wa vielelezo, alimiminiwa chai kutoka kwenye kielelezo. Akakisifu kwamba kinahifadhi moto.

Baadaye kanuni zilichapwa upya na pombe za asili za kunywea pamoja zikatengwa na kifungu kile. Mama Athieno akafungua tena. Nilizipata habari hizo kwa mchuuzi wa vitunguu aliyekuwa akipita Osukuru. Nikamuuliza kuhusu Mzee Owor. Akasema yupo, anakuja kunywa, lakini maji hagusi. Klabu imempa jagi la plastiki, amelikataa. "Anasema birika yake iko kizuizini, na waziri haiwezi kuongoza na jagi." Sasa kila mtu anajimiminia anavyotaka, akasema yule mchuuzi, na ni fujo tupu.

Nilicheka mpaka alipoondoka. Halafu nikajimiminia chai, nikaona mkono wangu umeshika nini.

Hata hapo sikwenda. Mwaka wa kwanza nilisema nitakwenda mvua zikipungua. Miaka iliyofuata nilikuwa na sababu ya kutokwenda, na kila mwaka sababu ilikuwa kwamba sikwenda mwaka uliopita.

Siku mliyoniaga mlinipa ile saa ya ukutani, nzuri, ya rangi ya dhahabu. Hotuba zilipokuwa zinaendelea niliigeuza nione mgongo wake. Haikuwa na betri. Siwalaumu, zawadi za serikali ndivyo zilivyo. Lakini nilikaa nikiitazama ile nafasi tupu, na mzungumzaji alipofika pale aliposema sikuwahi kumwonea mtu, nilisimama. Mlidhani nimeguswa. Nilikwenda kwenye kabati, nikamwaga chai iliyobaki, nikalitia birika mfukoni.

Jumapili iliyofuata nilikuwa Osukuru baada ya misa. Banda ni lilelile. Mama Athieno amezeeka, ila macho yake yaliniona tangu barabarani. Hakuniuliza habari za safari. Aliutazama mfuko.

"Umeleta?"

"Nimeleta, mama."

Owor alikuwa kwenye kigoda chake. Macho yake yameingia ukungu, na mikono inatetemeka hata ikiwa imepumzika. Nilimwekea birika magotini. Alilipapasa mpini, mdomo, kifuniko, pale lilipobonyea ubavuni. Kisha akalifungua na kunusa ndani.

"Mmepikia chai."

"Ndiyo, mzee."

"Na tangawizi."

"Wakati wa baridi tu."

"Miaka yote hiyo nakaa hapa nangoja kesi yangu," akawaambia wenzake, "kumbe kesi inachemka na tangawizi."

Niliagizwa kulisugua kwa majivu na mchanga, na nikalisugua, na Mama Athieno akalikagua mara tatu kwa ukali ambao ningependa kuuona kwenu. Maji yakachemshwa. Owor akashika mpini kwa mkono wa kulia, akainua. Birika lilipanda kidogo, likatetemeka, maji yakamwagika udongoni, likashuka. Akajaribu kwa mikono miwili. Likashuka tena. Kila mtu alikuwa anatazama mrija wake.

"Waziri hamimini," Owor akasema hatimaye. "Waziri anaamuru. Msamia, shika."

"Huyu ndiye aliyekataza maji?" Oketcho aliuliza, ameunyoosha ule mguu wake uliounga vibaya. "Basi apewe birika peke yake. Mrija asipewe."

Wakakubaliana kwa kauli moja, na katibu akatangaza kuwa imepita. Nikasimama nyuma ya wale wazee, birika mkononi, mvuke ukinipiga usoni. Sikuwa nimeonja hata tone. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Busia, nimeyapanga vizuri, na nikaona wakati ndio huu.

"Mzee Owor," nikaanza, "na wewe Mama Athieno, na wewe Oketcho na huo mguu wako. Kwa yale niliyowatendea hapa, na kwa miaka niliyokaa kimya, nimekuja kuwaomba..."

Owor aligeuza sikio lake kubwa upande wangu.

"Nani huyo anaomba msamaha?"

"Ni Msamia," akasema Oketcho.

"Haya. Ongeza maji. Birika nzima."

Nikamimina.